Nani Alimwambia Avae Tena?

Ijumaa iliyopita kaka alituita nyumbani kwake Magomeni kwa sababu ya karatasi sita. Mtu mmoja mwenye studio alimsikia binti yake mdogo, mwenye miaka 13, akiimba kwenye mahafali ya shule. Wiki haikuisha, akaleta mkataba. Kaka hakuusaini, wala hakuurudisha. Aliuweka mezani chini ya chupa ya chai, akatupigia simu.

Binti yake mkubwa ndiye aliyesema kwamba kabla ya kusoma chochote tuangalie kwanza filamu aliyokua nayo, *Hannah Montana: The Movie* ya mwaka 2009, maana ndani yake kuna baba na binti katika jambo hilihili. Shangazi yao, yaani dada yetu mkubwa, akaguna. Kwa miaka mingi aliandika uhakiki wa filamu gazetini. Hiyo aliihakiki ilipotoka, na hakuipenda.

Tukaiangalia yote, mwanzo hadi mwisho. Shangazi alikaa kwenye kochi, yule mdogo chini kati ya magoti yake, akimsuka taratibu, kitana kimoja kichwani na kingine mdomoni.

Kwa asiyeijua hadithi: Miley Stewart mchana ni mwanafunzi tu, usiku anavaa wigi la rangi ya dhahabu na kuwa Hannah Montana, nyota anayejulikana na kila mtu, ila hakuna ajuaye ni nani chini ya zile nywele. Kipindi kilianza kwenye Disney Channel Machi 2006, na mwaka huohuo chaneli ikaingia DStv. Ndivyo kilivyofika sebule za huku. Anayemcheza ni Miley Cyrus. Anayecheza baba yake ni Billy Ray Cyrus, mwimbaji wa kantri na baba yake mzazi hasa. Hata jina la mhusika lilibadilishwa likawa Miley baada ya yeye kuchaguliwa. Kwenye filamu umaarufu umemlevya: anagombania kiatu dukani na Tyra Banks, anaiteka sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Baba anamchukua na kumrudisha Tennessee, shambani kwa bibi, akakumbuke alikotoka. Huko kuna tajiri anayetaka kujenga maduka makubwa, mji unahitaji fedha za kumzuia, na wa kuzichangisha ni Hannah.

Filamu ilipokwisha, mabishano yakaanza kabla hata taa haijawashwa.

SHANGAZI: Niliyoyaandika wakati ule sitayafuta. Mji unaokolewa kwa tamasha moja, hadithi hiyo tumeiona mara ngapi? Ule mlo na meya, msichana anaingia na kutoka kwenye mlango wa kuzunguka, huku ni Hannah, kule ni Miley na kijana wake, nguo zinavaliwa na kuvuliwa mbiombio. Hicho ni kichekesho cha televisheni kilichovutwa kikajaza ukumbi. Peter Chelsom ni mwongozaji mwenye jicho, alishatengeneza *Serendipity*. Shamba lile linapendeza, jua la jioni linapendeza. Lakini mandhari haiwezi kubeba hadithi mgongoni.

BINTI: Shangazi, wewe uliiangalia ukiwa na miaka mingapi?

SHANGAZI: Arobaini na kitu.

BINTI: Mimi nilikuwa darasa la tatu. Haikuwa yako.

SHANGAZI: Neno hilohilo ndilo lililonichosha kwa wenzangu wa Marekani. Nenda kasome. Wakusanyaji wa maoni ya wahakiki waliipa alama chini ya nusu, na bado wengi wa waliolalamika walimaliza kwa kusema kwamba mashabiki wadogo watafurahi, itawafaa watoto. Itawafaa! Mpishi akipika wali mbichi, utasema hauna shida, utawafaa watoto? Mtoto ndiye wa kupikiwa vizuri kuliko wote. Anayesema filamu ni dhaifu lakini inatosha kwa mtoto, huyo amemdharau mtoto kuliko mimi niliyesema ni dhaifu nikaishia hapo.

Hapa nilitaka kupiga makofi, maana kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kuandika sijasikia hoja hiyo ikisemwa wazi namna ile. Ila binti alishajiandaa.

BINTI: Sawa. Basi tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Watu walisema watoto wananunua chochote chenye sura ya nyota wao. Si kweli. Februari ya mwaka huohuo kampuni ileile ya Disney ilitoa filamu ya tamasha ya Jonas Brothers, nao walikuwa juu kwelikweli, ikaanza kwa dola milioni 12 na nusu tu. Hannah alifungua wikendi ya Pasaka akapata zaidi ya milioni 32, akashika nafasi ya kwanza, na duniani kote zikapita milioni 150. Kwa nini watoto walewale waliiacha ile wakaenda kwenye hii?

SHANGAZI: Kwa sababu hii ilikuwa na hadithi.

BINTI: Umeisema mwenyewe!

SHANGAZI: Nimesema hadithi. Sijasema hadithi nzuri.

BINTI: Kwangu ilikuwa nzuri. Shangazi, mimi shuleni nilikuwa mtu mmoja, madrasa mwingine, nyumbani mbele ya baba mwingine kabisa. Nilivua na kuvaa mchana kutwa. Sikuwahi kuona mtu yeyote kwenye televisheni akilibeba jambo hilo kama jambo zito. Ule mlango wa kuzunguka unaouona kichekesho mimi ulinitia jasho. Anaganda pale kati, na yule kijana Travis anamwona. Niliziba macho. Na ule wimbo, "The Climb", tuliuimba kidato cha sita siku ya kuagana, wasichana arobaini, hakuna aliyekuwa na karatasi ya maneno. Marekani ulifika nafasi ya nne kwenye chati ya Billboard, lakini mimi nakupa chati ya bweni letu.

Shangazi akatulia kidogo, akachukua fungu jingine la nywele.

SHANGAZI: Wimbo siubishii. Wala sisemi kwamba nyota wa muziki hawezi kubeba filamu. Mwaka 1964 watu walidhani The Beatles wameletwa kwenye sinema kuuza santuri tu. *A Hard Day's Night* ilipotoka, wahakiki wakainuka kwenye viti. Hadithi yake ilikuwa ndogo kuliko hii: vijana wanne wanapanda treni, wanakwenda kuimba kwenye televisheni. Lakini iliandikwa kwa akili hata mwandishi wake akapendekezwa kupata Oscar.

BINTI: Wale walikuwa wanaume.

SHANGAZI: Mmh.

BINTI: Hapana, shangazi, usigune. Mwaka 2002 Britney Spears alitoa *Crossroads*. Wasichana watatu kwenye gari, mmoja ana mimba, mmoja anamtafuta mama aliyemwacha. Iliandikwa na Shonda Rhimes, kabla dunia haijamjua. Iliongozwa na mwanamke, Tamra Davis. Wahakiki waliichana, na Britney akapewa tuzo ya kejeli ya mwigizaji mbaya. Oktoba 2023, alipotoa kitabu cha maisha yake, ikarudishwa kwenye kumbi, na watu wakaanza kuizungumzia kama filamu inayohusu urafiki. Filamu ni ileile. Kilichobadilika ni masikio.

Hili Shangazi hakulijibu. Namfahamu, asipojibu, ujue limeingia.

Kaka muda wote huo alikuwa kimya, kidole kwenye ukingo wa zile karatasi. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba binti alizima feni ili tumsikie.

KAKA: Ninyi mnabishana kama filamu ni nzuri. Mimi nimemwangalia yule baba. Tuzo hizo za kejeli, Golden Raspberry, mwaka 2010 walimpa na yeye. Mwigizaji msaidizi mbaya kuliko wote. Sasa mimi najiuliza, walimpima kwa kitu gani? Pale barazani, na gita, anaimba na binti yake, yule anaigiza nini? Anamwangalia mwanawe. Mimi niliona mzazi.

SHANGAZI: Alikuwa mkavu, mdogo wangu. Mzazi kuwa mzazi si uigizaji.

KAKA: Basi sikiliza la pili. Mwanzoni mwa 2011, kipindi kimeisha tu, mtu huyohuyo aliliambia jarida la GQ kwamba kipindi kile kiliibomoa familia yake. Kwamba angeweza, angerudisha nyuma kisitokee. Miaka miwili tu baada ya filamu hii! Kwenye filamu ni baba mwenye hekima, anamtoa mtoto kwenye moshi wa mjini na kumpeleka kwenye hewa safi. Nje ya filamu anasema hakuweza. Sasa hebu niambieni, mhakiki gani aliliona hilo? Mlipewa tiketi za bure, mkakaa gizani na kalamu. Mliona maduka makubwa, mkaona mlango wa kuzunguka. Mtoto anayefanya kazi mbele yenu hamkumwona?

SHANGAZI: Kazi ya mhakiki ni kilichopo kwenye pazia.

KAKA: Mtoto ndiye aliyekuwa kwenye pazia, dada.

Kaka ni mtu wa hesabu. Ni mweka hazina wa chama cha akiba, na akishikwa na jambo hulisoma hadi mwisho. Alikuwa ameshasoma. Alituambia habari za Jackie Coogan, yule mtoto mdogo aliyecheza na Charlie Chaplin katika *The Kid* mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba fedha zake za utotoni zimetumika karibu zote na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani na kuambulia kiasi kidogo. Kutokana na kesi hiyo, California ikatunga sheria mwaka 1939, na leo sheria hiyo inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya pato la msanii mtoto na kuiweka kwenye akaunti isiyoguswa mpaka mtoto atimize miaka 18. Kaka akagonga meza kwa kidole. Kwenye karatasi zake sita, alisema, neno akaunti halimo hata mara moja.

KAKA: Na wakati wanaipiga filamu hii, mwaka 2008, alikuwa na miaka 15. Majira hayohayo Vanity Fair walichapisha picha zake, mgongo wazi, shuka kifuani. Watu wazima wamempanga, wamempaka, wamempiga picha. Zilipoleta kelele, kampuni ikalilaumu jarida, na aliyeomba radhi kwa mashabiki ni mtoto. Mimi nina binti wa miaka 13 hapo chini ananyonya kidole cha usingizi. Nani ataomba radhi kwa niaba yake?

Kweli alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la Shangazi, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama.

Ndipo Shangazi akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya kuhusu uhakiki wake wowote. Akaomba kidhibiti, akarudisha filamu nyuma hadi kwenye tamasha la mwisho. Nitaieleza hapa kama tulivyoiona mara ya pili, maana mengine yote yalianzia hapo.

Hannah yuko jukwaani, uwanja wa majani, watu wa mji wamekusanyika. Anaanza kuimba, halafu anakatisha. Anawaambia hawezi kuendelea kuwadanganya. Anashika wigi, analivua, na chini yake zinatoka nywele za kahawia. Uso ni uleule, ila umepungua mng'ao. Ni wa msichana wa shule aliyechoka. Hivyo, bila wigi, anauimba "The Climb". Ukiangalia bila haraka, huo ni wimbo wa jukwaani ambao hakuna anayeruka wala taa zinazomulika kila upande. Anausimamia tu. Ukiisha, anakuwa amemaliza. Siri imetoka, na Hannah hayupo tena.

Umati unakataa. Wanamsihi aendelee kuwa Hannah. Wataitunza siri, mji mzima utaitunza. Hata mwandishi wa udaku kutoka Uingereza, aliyemfukuzia filamu nzima, anaiacha picha yake kwa sababu binti zake ni mashabiki. Naye anatabasamu, analivaa wigi, na muziki unaanza kwa kishindo.

Shangazi akaisimamisha picha hapo.

SHANGAZI: Niliandika maneno mia nne kuhusu filamu hii. Hili sikuliona. Nililiita mwisho wa furaha wenye sukari nyingi, basi, nikaenda zangu nyumbani. Mtoto anasema nimechoka. Anavua. Na watu wazima wote waliomzunguka, bibi, baba, mji, mwandishi, wanamwambia kwa upendo kabisa, vaa tena. Kampuni haikuhitaji mtu mbaya wa kulisema hilo. Ililiweka kwenye midomo ya watu wema.

BINTI: Mimi nilikuwa mmoja wao.

SHANGAZI: Wa wapi?

BINTI: Wa ule umati. Nilisimama mbele ya televisheni yetu ya chogo, nikapiga kelele, vaa! vaa! Mama akatoka jikoni akidhani nimeungua.

Hakuna aliyecheka.

BINTI: Lakini msinitake nijute. Sikubali. Mnamzungumzia Miley kana kwamba ni mtu aliyenyamazishwa, na yeye anaongea kila siku. Machi 2021, kipindi kilipotimiza miaka 15, alimwandikia Hannah barua kwa mkono wake mwenyewe, ndefu, ya mapenzi. Mwaka 2024 alipokea Grammy ya rekodi ya mwaka kwa wimbo "Flowers", na mwaka huohuo akaenda kupewa heshima ya Disney Legend, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Hakuikataa. Mnataka kumwokoa mtu ambaye hajaomba kuokolewa.

SHANGAZI: Kampuni kumtunza mtu uzeeni si ushahidi wa ilivyomtunza utotoni.

BINTI: Ana miaka thelathini na kitu, shangazi, si mzee! Na barua haikuandikwa na kampuni. Inawezekana kabisa mtu akachoka na kitu na bado akakipenda. Mimi nimechoka na nyumba hii mara ngapi?

KAKA: Mara nyingi. Ulihama ukarudi.

BINTI: Basi.

Nilitarajia Shangazi apande juu. Badala yake alikubali jambo moja na kukataa jingine, na nafikiri hapo ndipo alipokuwa mhakiki kweli. Alikubali kwamba kilichompendeza binti akiwa na miaka tisa kilikuwa cha kweli, na kwamba wahakiki waliodhani ni kelele za mashabiki tu hawakujua kuangalia. Alikataa kwamba kupendwa kwa filamu kunafuta swali lake. Filamu ile, alisema, ina dakika tano za ukweli, wigi likiwa mkononi, na mtu aliyeziandika alijua anachokiandika, halafu ikaogopa. Kipindi kilikuwa bado kinaendelea. Kilimalizika Januari 2011. Wigi lilikuwa na kazi ya karibu miaka miwili mbele yake, na nguo, mikoba na madaftari yenye sura ile yalikuwa madukani. Filamu isingeweza kumruhusu aliache, hata kama yenyewe ndiyo iliyomsikiliza kuliko mhakiki yeyote.

SHANGAZI: Ningeiandika upya leo, ningeanzia hapo. Ningesema ni filamu dhaifu yenye tukio moja zito. Ningewaambia wazazi waiangalie na watoto wao, na wakifika pale wawaulize, wewe ungekuwa kwenye umati ungesemaje?

KAKA: Na ungekuwa wewe jukwaani?

SHANGAZI: Na hilo pia.

Kaka akavuta karatasi, akafungua ukurasa wa nne. Akavaa miwani, akatusomea polepole: jina la kisanii, mavazi, nywele na mwonekano wote wa msanii vitaamuliwa na kampuni kwa muda wa miaka saba, na msanii hatavibadilisha bila idhini ya maandishi. Akasoma mara mbili. Kisha akahesabu kwa vidole: kumi na tatu, kumi na nne, akafika ishirini.

BINTI: Baba, lakini anataka kuimba.

KAKA: Najua anataka kuimba. Namsikia bafuni kila asubuhi. Sijasema asiimbe.

BINTI: Kwa hiyo unaurudisha?

KAKA: Nasema nimekipata kipengele cha kuanzia kubishana. Kesho nampigia, nimwambie hiki kinatoka, akaunti inaingia, na miaka saba iwe miwili. Akikataa, tumejua.

SHANGAZI: Na yeye mwenyewe? Umemuuliza?

Kaka akatazama chini kwenye mkeka. Hakuwa amemuuliza. Alikiri hivyo kwa kichwa tu. Siku zote tisa mkataba ulikuwa mezani, wazee wameitwa, filamu imeangaliwa mara moja na nusu, na mwenye sauti alikuwa amelala katikati yetu.

Binti akachukua kidhibiti kutoka kwa Shangazi na kubonyeza. Picha iliyosimama ikaanza kwenda, wigi likakaa sawa kichwani, magita yakaingia. Mdogo akashtuka, akajipangusa mdomo, akashika upande wa kichwa ambao haujasukwa.

"Imeisha?"

"Bado wimbo mmoja," dada yake akamwambia.

Akaketi vizuri. Kumbe alikuwa anaujua. Aliuimba wote, sauti ya pili, ile ambayo kwenye filamu haisikiki sana, na Shangazi akaendelea kumsuka kwa mikono iliyopunguza kasi ili asimvute.